Chumvi Ukutani

Kila siku baada ya sala ya alfajiri huchukua ufagio wa chelewa na kufagia chumvi chini ya kuta za nyumba yetu. Ni chumvi kweli, nimewahi kuionja. Hutoka ndani ya ukuta, ikaivimbisha plasta, ikaibambua rangi, kisha ikaanguka juu ya marumaru kama unga uliochekechwa. Nikimaliza chumba cha mwisho, cha kwanza kimekwisha kuanza tena. Sinung'uniki. Mungu amenipa mgongo ambao bado unainama na kuinuka, na wenzangu wengi wa rika langu hawana hata huo.

Nyumba hii aliijenga babu yetu mzaa baba kwa mawe ya matumbawe na chokaa, akaiwekea dari ya boriti za mikoko. Imo katika mtaa wa zamani wa Bagamoyo, karibu na msikiti kiasi kwamba mtu akichelewa rakaa ya kwanza hana la kujitetea. Mimi na mdogo wangu wa kike tulizaliwa humu, katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Chumba hicho hicho ndicho alichooshewa baba alipofariki.

Baba alipofariki ilitupasa tugawe mirathi. Hukumu yake naijua. Nimesomesha watoto madrasa tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na elimu ya mafungu niliisoma kwa shehe wangu mpaka nikaweza kuyapanga bila kalamu. Lakini kwetu watu huona haya kuigawa nyumba mama akiwa hai. Husema, mama yumo ndani, mtampimia pembe gani? Basi tukaacha. Haya hiyo hakutuamuru Mungu, ni yetu wenyewe, na mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine ndiye niliyeiona nzuri.

Mama aliishi miaka mingi baada ya baba, alhamdulillahi. Katika miaka hiyo nyumba ikawa kama yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala humo. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Pangani. Kila Idi alikuja na mfuko wake wa nguo na kapu la samaki wakavu, nami nilimpokea mlangoni na kumwambia, "Karibu, karibu ndani." Sikuwahi kujiuliza nani anamkaribisha nani.

Mama naye akaitika wito. Nyumba ikabaki ya watu wawili, mafungu matatu: mawili yangu, moja lake. Mimi sikuwa na uwezo wa kumtoa katika fungu lake, wala yeye wa kunitoa katika langu. Njia ilikuwa moja, kuiuza. Na yeye ndiye aliyekuwa na haja zaidi. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, naye akibaki katika chumba kimoja cha nyumba ya wakwe zake, watu wema, lakini wenye wana wanaooa na wajukuu wanaokua. Binti yake analima mihogo na mananasi Zinga, na kiwanjani kwake pamebaki nafasi ya vyumba viwili. Mdogo wangu hakutaka zaidi ya hapo: vyumba viwili Zinga, mlango unaofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe, na mahali pa kuoshewa siku yake ikifika. Maneno hayo ni yake, aliniambia siku ya tatu ya matanga ya mama.

Nilipaswa kuiuza kama ilivyo. Lakini mwanangu aliye Maskati alinipigia simu. "Baba," akasema, "nani atanunua gofu? Itengenezeni kwanza ionekane nyumba, ndipo muiuze." Akaleta msaada wake. Nikaona ni baraka, na kwa kuwa ni baraka sikumwuliza mwenzangu mwenye fungu. Nilimwambia kazi ilipofika nusu.

Fundi mmoja mzee wa chokaa, ambaye baba alikuwa akimwita kila mwaka kupaka kuta, alipita akaona mifuko ya saruji imepangwa ukumbini. Akasimama, akaweka kiganja chake ukutani.

"Maalim," akasema, "ukuta huu unapumua. Usiuzibe pumzi."

Fundi kijana tuliyemtoa Dar es Salaam alikuwa juu ya ngazi. "Mzee wangu," akajibu kutoka huko juu, "mimi nimejenga mpaka maghorofa. Sijaona ukuta wenye pua."

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yule mzee hakukasirika. Aliniaga vizuri, akaenda zake. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na wale waliokuwa wakimchomea chokaa hawapo.

Tukapiga saruji ndani na nje. Tukaficha boriti kwa jipsamu nyeupe yenye maua. Tukatandika marumaru mpaka chumba cha ndani, tukatia madirisha ya alumini. Mlango wa nakshi, alioupachika babu kwa mkono wake, tukampa mnunuzi wa vitu vya kale, tukaweka geti la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu. Halafu tukabomoa baraza zote mbili za nje ili gari lipate pa kuegesha. Sikuwa na gari, wala sina. Na uchochoro wetu ni mwembamba, gari haliwezi kupinda kona ya msikiti. Watu sita wazima tulisimama pale tukitazama baraza zikibomolewa, na hakuna hata mmoja aliyelisema hilo.

Masika ya kwanza baada ya hapo kuta zilianza kutoka jasho. Kwanza nilidhani bomba limepasuka. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini kama yalivyopanda miaka yote, ila zamani yalipita kwenye chokaa yakaenda zake na upepo, na sasa hayakuwa na pa kutokea. Yakakaa ndani ya jiwe, yakatafuta njia, yakaja na chumvi.

Mdogo wangu alikuja kwa hitima ya mwaka ya mama. Nilimlaza chumba cha ndani, kwa heshima, kwa kuwa ndicho chumba chetu. Tangu utoto ana pumu ndogo ambayo haikuwa ikimsumbua. Asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi kama mtu anayeteka maji kisima kirefu kwa kamba fupi. Daktari alitwambia ni unyevu na ukungu wa ukutani, asilale tena nyumba hiyo. Hapo nilielewa nilichokifanya. Nyumba ile kuukuu ingeweza kumpokea hata isipouzwa. Tungekaa wawili, wazee, kila mtu na chumba chake, nani angetukataza? Mimi nilikuwa nimemfungia nje kwa geti la rangi ya dhahabu.

"Basi iuze, kaka," akasema alipokuwa akiondoka kurudi Pangani. "Iuze tu. Mimi sina haraka sana."

Hilo "sana" nilikaa nalo.

Nilimtafuta dalali. Alikuwa mwanafunzi wangu wa madrasa, niliyempiga fimbo kwa ajili ya herufi zake za koo, na sasa ni mtu mzima mwenye simu mbili na kibarua cha kuuza viwanja kuanzia Kerege mpaka hapa. Alizunguka vyumbani akashangilia. "Maalim, hii haimalizi mwezi."

Wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Dar es Salaam. Waliyapenda marumaru, wakaipenda jipsamu. Mke akauliza, "Na gari litalala wapi?" Dalali akasema litalala karibu na sokoni, kuna mlinzi. Wakatazamana. Wamejenga Kerege, nasikia, penye uzio.

Wa pili alikuwa Mzungu mwenye mkalimani. Alitaka nyumba ya kale aifanye ya wageni. Aliingia akauliza mlango uko wapi. Akauliza baraza ziko wapi. Alipanda kiti, akasukuma kipande cha jipsamu kwa kidole, akaona boriti juu yake, akashuka polepole. Akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mkalimani akasita. "Anasema pole, mzee."

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa Chalinze, anayeuza matairi kwa madereva wa malori, Mwislamu mwenzetu. Alitaka nyumba ya kumweka mama yake karibu na msikiti. Huyo aliipenda kwelikweli. Ilikuwa kiangazi, kuta zimepakwa rangi juma lililopita, hakuna doa. Tukakaa ukumbini, kahawa ikaletwa, bei ikatajwa na wala hakushtuka. Dalali alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama mtoto karibu na jiko.

Nikasema, "Ndugu yangu, kabla hujafungua mkono. Kuta hizi zina maji ndani. Hivi sasa huyaoni. Masika utayaona."

Akauliza yanatoka wapi. Nikamweleza. Akauliza yatakwisha lini. Nikasema sijui. Akanishukuru, tena kwa moyo mweupe, akanywa kahawa yake mpaka chini. Akasema mama yake ana kifua.

Dalali alinifuata uani akiwa amekunja uso. "Maalim, wewe unauza nyumba au unatoa ushahidi?"

"Nimekufundisha mwenyewe," nikamwambia. "Yule muuza nafaka aliyeweka kavu juu na mbichi chini, Mtume akatia mkono ndani ya lundo. Umesahau?"

"Sikusahau. Nilichapwa kwa ajili yake! Hadithi hiyo ya nafaka ndiyo inayoniua njaa mpaka leo." Kisha akacheka, kwa kuwa si mtu wa kuweka kinyongo. "Lakini yule alikuwa na nafaka mbichi tu, Maalim. Wewe una dada."

Alisema kweli. Niliwaambia wanunuzi wengine baada ya huyo, na kila nilipowaambia nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye kile chumba kimoja cha ukweni. Nilikuwa nikiitunza dini yangu kwa fungu lake. Nimewahi kuwafundisha watu mengi kuhusu subira, na sikumbuki kama niliwahi kuwafundisha kwamba mtu anaweza kusubiri kwa kutumia umri wa mwenzake.

Mwaka jana kabla ya vuli dalali alinijia na habari ya mama mmoja mstaafu, muuguzi wa zamani, mjane, asiye na gari wala haja ya gari. Alikuwa anatafuta nyumba tulivu mjini. Mdogo wangu alikuwa amekuja Zinga kwa binti yake, na siku zile alishinda kwangu mchana, akikaa nje kwenye kiti cha plastiki mahali palipokuwa na baraza.

Dalali alinivuta pembeni. "Maalim, atakuja alasiri. Wewe si utakuwa msikitini?"

"Alasiri niko msikitini."

"Basi bibi atamwonyesha nyumba. Si naye ni mwenye mali?"

Nilimwelewa, naye alijua nimemwelewa. Nikajiambia kuwa mwenye haki ni yeye, na mwenye haki akinyamaza juu ya haki yake mimi ni nani? Nikajiambia mengi. Nikamwendea mdogo wangu, nikasema kuna mgeni atakuja, amzungushe. Sikumwagiza aseme wala asiseme. Nikachukua kofia yangu.

Tulipotoa salamu ya kumaliza sala, watu wakatoka, mimi nikabaki. Nilivuta uradi, nikaumaliza, nikaurudia. Mwadhini alikuja kufunga madirisha akanikuta pale pale. Nasema kweli, sikuwa nikiomba msamaha. Nilikuwa nikiomba anyamaze.

Niliporudi, dalali alikuwa amesimama kwenye kona ya msikiti akipiga teke kokoto.

"Vipi?"

"Vipi nini, Maalim. Walianza vizuri. Ukumbi mzuri, jiko zuri, mama wa watu anatabasamu. Wakaingia chumba cha ndani. Bibi anamweleza, hapa ndipo tulipozaliwa. Kifua kikaanza. Yule mama ni muuguzi, hakuangalia tena nyumba, anamwangalia bibi. Akamshika mkono. Akamwuliza, dada, una pumu? Bibi anasema, ninayo kidogo. Anamwuliza, inakubana siku zote? Mimi nyuma hapa namkonyeza bibi mpaka jicho linauma."

"Akasemaje?"

"Akasema, Pangani hainibani. Zinga hainibani. Hunibana humu." Dalali akafungua mikono. "Muuguzi akaweka kiganja ukutani, akakinusa. Basi. Kaondoka, ila kampa bibi dawa ya kuvuta aliyokuwa nayo mkobani. Hiyo ndiyo biashara tuliyofanya leo."

Nilimkuta mdogo wangu kwenye kiti chake cha plastiki. Pumzi zilikuwa zimemrudia. Hakuniangalia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Sala ya leo ilikuwa ndefu."

Nilivua kofia, nikaikunja.

"Nilidhani labda kuna maiti ya kuswaliwa," akasema. "Nikamwuliza mpita njia. Akaniambia hakuna, watu wametoka zamani."

"Nilikuwa na uradi."

"Kaka." Sasa akanitazama. Ana macho ya mama. "Wewe watu wote umewaambia. Mwenye matairi umemwambia, waliomfuata umewaambia. Huyu mmoja ukaniachia mimi. Ulitaka niufanye mimi uongo, na kifua hiki?"

Nikamwambia nilifikiri juu ya fungu lake. Nikamwambia nimechoka kumwona hana kwake. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakunisaidia.

"Lile la saruji nilikusamehe zamani," akasema. "Ulikuwa hujui. La leo nipe siku."

Alirudi Zinga jioni ile na kesho yake akashika safari ya Pangani, ile ndefu ya kupitia Chalinze. Nilimsindikiza stendi. Alinibusu mkono kama desturi yake, akapanda, akakaa dirishani akipanga kanga zake. Dalali alikuja baada ya siku chache, akaniambia kwa upole kwamba amepunguza nyumba za mjini, anashughulika na viwanja tu. Nilimwombea dua. Ni kijana mwema, nami ndimi niliyemharibu kwa biashara hiyo.

Tangu hapo hakuna aliyekuja kuitazama nyumba. Jipsamu ya ukumbi imeshuka upande mmoja. Geti limeshika kutu chini, na rangi ya dhahabu imebaki kwenye vichwa vya mikuki tu. Niliuliza kama naweza kubomoa niuze kiwanja, nikaambiwa hapana, mtaa huu majumba yake yanalindwa kwa ukale wake. Afisa wa mambo ya kale aliyekuja alitazama alumini na marumaru, akaandika kitu, akaniambia hata hivyo ni la kale. Nilitaka kucheka.

Mwezi uliopita nilinunua nyundo na tindo. Nilianza chumba cha ndani, kwa kuwa ndicho chake ikiwa kuna chake. Naibandua saruji kidogo kidogo baada ya kufagia, mpaka jua linapokuwa kali. Nyuma yake jiwe limelowa na kuwa jeusi, na ukilisugua kwa kidole linatoa mchanga. Nilimwita fundi mmoja alitazame. Akasema nikifaulu kuibandua yote, ukuta utataka miaka mitatu minne kukauka, ndipo upakwe chokaa, ikiwa nitampata wa kuichoma. Akanitazama, akatazama nyundo mkononi mwangu, akaondoka bila kutaja ujira wake.

Simkatii Mungu tamaa. Najua tu hesabu ya umri wangu, na wake.

Juzi mdogo wangu alinipigia. Tukajuliana hali. Sikumwuliza kama siku alizotaka zimekwisha.

"Umefika wapi?" akauliza. Binti yake amemwambia juu ya tindo.

"Usawa wa kiuno. Ukuta mmoja."

"Na mkono?"

"Mkono mzima, alhamdulillahi."

"Ukuta je?"

"Umelowa."

Nilisikia watoto wakipiga kelele upande wake, na sauti ya mwanamke ikimwita kwa heshima, mama, mama, utupishe kidogo.

"Nakuja," akawajibu. Kisha akaniambia, "Kaka, ngoja niwapishe, wanaingiza kitanda chumbani kwangu."

Sikumwuliza kitanda cha nani.